UMEME UKIZIMIKA MWENYEJI AKIWA SAFARINI

Mfanyakazi afungaye mlango wake na kwenda kwao likizo huacha nyuma samaki, nyama, na pengine akiba ya insulini ya mgonjwa. Umeme ukizimika, jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, kwa saa 48. Ukirudi kabla ya mwenyewe, vitu huganda tena, wala hapana dalili ya hatari iliyopita.

Siku hizi vipo vyombo vidogo vya kuchomeka ukutani, vyenye betri na laini ya simu, vimpelekeavyo mwenyeji ujumbe mara umeme ukatikapo. Twavisifu. Kile kitegemeacho intaneti ya nyumbani pekee hakifai, maana hiyo nayo huzimika pamoja na taa. Asiye na uwezo na agandishe maji katika kikombe cha plastiki, aweke sarafu juu ya barafu ndani ya friza. Akirudi na kuikuta chini, ajue barafu iliyeyuka. Chakula kile kitupwe.

Lakini habari peke yake si msaada. Huenda mtaa mzima una taa, ila LUKU ya nyumba moja ndiyo iliyokwisha. Mwenyeji aliyeko Mwanza aweza kununua umeme kwa simu. Lakini kwa mita nyingi, zile tarakimu 20 hazina budi kubonyezwa na mkono ulioko Temeke. Mkono huo ni wa jirani.

Basi, ndugu wafanyakazi, kabla ya safari mwachieni jirani mwaminifu ufunguo. Chombo hupiga mbiu tu; jirani ndiye aitikaye.