Kodi ya Chumba, Haki ya Pande Mbili



Katika miji midogo ya pwani ya Tanzania, kama Pangani na Bagamoyo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi kati imekuwa ndiyo maskani ya wengi wenye kipato kidogo. Mwenyewe hukaa chumba kimoja, vilivyobaki hupangisha. Mara nyingi chumba huwapo. Kinachokosekana ni fedha ya kukiingilia.

Tuchukue mfano. Mvuvi mwenye mke na watoto apata chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Kodi hiyo aiweza. Lakini aambiwa atoe ya miezi sita kwa pamoja, nayo ni 180,000, na dalali ataka ya mwezi mmoja, 30,000 nyingine. Jumla ni 210,000, kwa mtu ambaye riziki yake huja siku kwa siku! Basi ama hukopa kwa riba, ama hubanana kwa wazee wake, watoto wakubwa wa kike na wa kiume wakilala pamoja, jambo ambalo dini haikuliridhia.

Hatusemi kuwa kutaka kodi mbele ni haramu. Sharia yairuhusu, maadamu kiasi na muda vyajulikana. Na tangu sheria ya nchi ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1984, ilipofutwa mwaka 2005, kodi imekuwa ni mapatano. Lakini si kila lililo halali lina huruma. Twawasihi wenye nyumba wapokee kodi mwezi kwa mwezi, na mpangaji akipatwa na dhiki ya kweli, wakumbuke Suratul Baqara, aya ya 280, ituamrishayo kumpa muhula mdaiwa asiye na uwezo.

Paa likivuja, kulitengeneza ni juu ya mwenye nyumba. Katika madhehebu ya Imam Shafii, asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja ijara. Na nyumba ikianguka, kodi ya miezi isiyokaliwa hurudishwa.

Mpangaji naye asijifanye mnyonge hali ana uwezo. Kodi ni deni. Wenye nyumba wengine ni wajane walezi wa mayatima, na kodi hiyo ndiyo unga wao. Ni aibu gani kuvaa nguo mpya ya Idi na kumkimbia mjane kwa mlango wa uani!

Basi pande zote mbili waandike mapatano yao mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya sura hiyo hiyo ituongozavyo katika madeni. Na jamaa wa kila msikiti waweke fungu la karadha njema, mwenye haja akopeshwe kodi ya kuanzia, arejeshe kidogo kidogo bila ya nyongeza. Watu ishirini wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja, hupatikana 200,000. Na fedha hiyo ikirejea, humwingiza mwingine nyumbani.

Wabillahi tawfiq.