Mshika Mbili

Mwanafunzi wangu wa zamani alirudi kutoka Marekani na shahada ya udaktari aliyoisotea miaka saba. Akaenda kuomba uhadhiri katika chuo kimoja hapa nchini. Jopo la usaili likamwuliza: wewe hasa ni mtu wa historia, au wa fasihi, au wa sosholojia? Akajibu kuwa idara yake ni ya masomo ya Marekani, nayo huyashika yote hayo kwa pamoja. Mzee mmoja akacheka na kumwambia, "Mshika mbili moja humponyoka." Kazi hakuipata.

Alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, na hasira za siku ile bado ninazo.

Wanaodhani masomo hayo ni ya wavivu hawajui yanavyosomwa. Mwanafunzi huhudhuria madarasa miaka miwili au zaidi, kisha hutahiniwa katika nyanja kadhaa na maprofesa wa fani mbalimbali. Wa historia humbana kwa ushahidi. Wa fasihi humbana kwa maana ya maneno. Kila mmoja humdai kana kwamba hana mwalimu mwingine. Akivuka hapo ndipo huandika tasnifu.

Wala si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Harvard kiliianzisha shahada hiyo miaka ya 1930, na wa kwanza kuipata, mwaka 1940, alikuwa Henry Nash Smith. Katika kitabu chake Virgin Land, cha 1950, aliuliza kwa nini Wamarekani waliiona nchi ya magharibi kama shamba lisilo na mwenyewe. Akaichukua sheria ya 1862 iliyowapa walowezi hadi ekari 160 kila mmoja, akaisoma pamoja na hadithi za bei rahisi ambazo wasomi walizidharau. Sheria ilimwonyesha ardhi, hadithi zikamwonyesha ndoto. (Wenyeji waliokuwa na ardhi hiyo aliwasahau mno, na wenzake walimlaumu kwa haki.) Je, naye jopo letu lingemwuliza ni mtu wa nini?

Nakiri kosa langu. Nikiwa mwalimu mkuu nilimkemea mwalimu wa historia aliyefundisha Vita vya Majimaji kwa nyimbo. Nilimwambia nyimbo ni za kipindi cha Kiswahili. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikijua vipindi kuliko nilivyojua watoto.

Kijana wangu aliandika juu ya vijana wa Peace Corps, waliotumwa Tanganyika kuanzia 1961: siasa ya Kennedy iliyowatuma, barua walizoandika kwao, picha walizopiga. Wamarekani wametuchunguza sisi miaka mingi, hata mahari zetu. Huyu amewageuzia kioo, nasi tunamwuliza fani yake!

Sasa anafundisha Kiingereza sekondari, vipindi 28 kwa wiki. Tasnifu yake aliniachia niisome. Nimefika sura ya nne, na kamusi iko kando.