Mashine Tano, Mkono Mmoja

Uliza mtu yeyote ni nini kinachorudisha kazi nyuma katika miji yetu midogo, utapata majibu yaleyale: stima, mtandao, kodi, vijana wavivu. Mimi naongeza jibu moja ambalo bado sijalisikia kwenye mkutano wowote. Ni meza ya wakala. Ile meza ndogo nyuma ya wavu wa chuma, ambapo dada mmoja anahudumia mtaa mzima kwa vifaa vitano visivyojuana.

Nimekaa nyuma ya meza kama hiyo hapa Karatina kwa miaka minne, hatua chache kutoka sokoni. Wacha niwahesabie. Kuna simu ya M-Pesa, simu ya Airtel Money, na mashine za benki tatu tofauti. Kila moja ina chaja yake, laini yake, namba yake ya siri, karatasi yake ya risiti na ofisa wake anayekuja kukuuliza kwa nini mwezi huu umefanya kazi kidogo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tumeshikishwa tano, na moja ikiponyoka tunakatwa mshahara.

Msimamo wangu ni huu: vifaa hivyo viunganishwe kuwa kimoja, na pesa iliyo ndani yake iwe moja. Na wale wanaotuambia haiwezekani wanajua vizuri kwamba inawezekana.

Kwa wewe ambaye umekuwa ukisimama upande wa pili wa wavu tu, acha nieleze floti. Ukija kuweka pesa kwenye akaunti yako, mimi napokea noti zako, halafu natoa kiasi hichohicho kutoka kwa pesa yangu iliyo ndani ya mashine. Hiyo ndiyo floti. Ukija kutoa, mambo yanageuka: floti yangu inaongezeka, droo yangu inapungua. Kazi yote ya wakala ni kuhakikisha droo haikauki na floti haikauki. Rahisi, sivyo? Sasa igawanye mara tano.

Tuseme mwenye duka ana shilingi 100,000 za floti. Huo ni mtaji wa heshima kwa mji kama huu. Lakini hawezi kuuweka mahali pamoja, kwa hivyo anaugawa: 20,000 kwa kila kifaa. Anakuja mfanyabiashara wa mitumba, amefunga hesabu ya siku, anataka kuweka 35,000 benki. Nina laki moja. Na siwezi kumhudumia. Hakuna mashine hata moja mezani yenye 35,000, ingawa zote pamoja zina karibu mara tatu ya hiyo. Mteja anaenda zake na kamisheni yangu inamfuata. Naye anatembea na 35,000 mfukoni jioni, kwenye umati wa stendi, akitafuta duka lingine. Laki moja ya mtu imegeuzwa ishirini ishirini, na hakuna aliyeiba hata senti.

Kwa hivyo mtu akiniambia shida ya mawakala wa Kenya ni ukosefu wa mtaji, nacheka. Ndiyo, mtaji ni mdogo. Lakini hata huo mdogo tumeukatakata kama sukuma wiki.

Siku za bonasi ya majani chai ndio utaona vizuri. Wakulima wanashuka kutoka juu huko Mathira, na wengi wao wamelipwa kupitia benki ileile. Wote wanatoa. Kufikia saa nne asubuhi floti ya benki hiyo imefura kama mandazi, droo imebaki na mia mia. Wakati huohuo, watu wa soko wanataka kuweka kwenye benki nyingine, ambako floti yangu imeisha. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo hakuna ofisa wa benki amewahi kunijibu.

"Msichana wangu, pesa imeisha aje na hiyo mashine inasema imejaa?"

"Guka, hiyo iliyojaa ni ya benki yenu. Noti ndizo zimeisha."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo nayo imekauka, guka. Lakini hizi mbili haziwezi kusaidiana."

"Kwani wamekosana?"

Hawajakosana, guka. Hawataki tu kukaa meza moja, ndio maana wanatumia yangu.

Basi kinachofuata ni miguu. Nafunga duka, naenda tawi la benki ya kwanza, napanga foleni, natoa pesa taslimu, nazitia kwenye mkoba, navuka mji hadi benki ya pili, napanga foleni nyingine, naweka. Saa nzima imeenda, pengine mbili. Duka limefungwa siku ambayo lingepata zaidi. Na mimi, msichana mmoja na mkoba, nimevuka Karatina na pesa ambazo kila kijana anayekaa kwenye kona anajua ninazo, kwa sababu ameniona nikipita hivyo kila siku ya bonasi. Ukisoma kwenye gazeti kwamba wakala ameporwa, jiulize alikuwa anapeleka pesa wapi na kwa nini.

Tumefikaje hapa? Si kwa bahati mbaya. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya ikatoa mwongozo ulioruhusu benki kutumia mawakala, na ikasema mkataba wa wakala usimfunge kwa benki moja tu. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ikaiamuru Safaricom iwaache mawakala wake wafanye kazi na washindani pia. Hatua nzuri zote, sipingi. Lakini angalia tulichopewa. Tulipewa uhuru wa kubeba mashine nyingi. Kila kampuni ikapata haki ya kuweka kifaa chake juu ya meza yetu, na hakuna hata moja iliyolazimishwa kuelewana na jirani yake pale mezani. Ushindani wao unafanyika juu ya mbao zangu na kwa stima ninayolipa mimi.

Halafu tunaambiwa kuunganisha mifumo ni kazi ngumu, inataka muda, tuwe na subira. Subira? Mwaka 2017 benki za Kenya zilizindua PesaLink, na pesa ya mteja ikaanza kuruka kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo. Mwaka 2018 Safaricom na Airtel zikaunganisha pochi zao, mtu wa laini hii akaweza kumtumia wa laini ile moja kwa moja. Mwaka 2022 namba za kulipia madukani zikafunguliwa, mteja wa mtandao mmoja akaweza kulipa kwenye namba ya mtandao mwingine. Pesa ya mteja imepewa mabawa. Floti yangu mimi bado inabebwa mkobani.

Na serikali ndiyo usiseme. Wakati ilipotaka kukusanya, kila kitu kiliungana upesi. Mwaka 2023 malipo ya huduma zake yakaelekezwa kwenye namba moja ya Paybill, 222222. Ile mashine ya kodi ya ETR, sanduku zito lililokuwa likikaa kwenye kaunta za wenye maduka kwa miaka, KRA ilipoleta eTIMS ikakubali kwamba kazi ileile inaweza kufanywa na programu ndani ya simu au kompyuta. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Huduma Centre zilianza kwa wazo hilohilo: badala ya mwananchi kuzunguka ofisi sita, ofisi sita zije chini ya paa moja. Sikatai, ni mambo mazuri. Nasema tu kwamba kila mara aliyeko juu akichoka kuzunguka, vifaa huunganishwa. Aliyeko chini akichoka, anaambiwa anunue ekstensheni yenye soketi zaidi.

Karatina inaijua hadithi hii kuliko miji mingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakoloni walijenga kiwanda cha kukausha mboga hapa, kwa sababu wanajeshi walihitaji chakula kisichooza. Vita vikaisha, kiwanda kikafungwa. Wakulima bado walikuwa na mboga na bado walihitaji soko, lakini hitaji lililokijenga halikuwa lao. Hiyo ndiyo sababu siamini mtu akisema teknolojia itafika tu yenyewe. Teknolojia hufika pale mwenye nguvu anapoihitaji. Wengine tunapaswa kuidai.

Kama unahitaji mfano ulio hai, usiende mbali Ulaya. Vuka Busia. Uganda, chama cha mabenki kilishirikiana na kampuni ya teknolojia kuunda Agent Banking Company, na kufikia 2018 wakala aliye kwenye mfumo huo wa pamoja aliweza kuwahudumia wateja wa benki mbalimbali kwa kifaa kimoja. Na kampuni hiyo ya teknolojia ilitoka wapi? Nairobi. Inaitwa Eclectics International. Yaani akili ni ya kwetu, imevuka mpaka ikaenda kurahisishia mwenzangu wa Mbale kazi, na mimi wa Karatina nimebaki na nyaya tano zilizosokotana kama nywele za asubuhi.

Najua majibu yao, nimeyasikia. La kwanza: usalama. Eti kila benki ina mfumo wake wa kulinda wateja, na kuchanganya ni hatari. Lakini benki hizohizo zinaachia wateja wa wenzao watoe pesa kwenye mashine zao za ATM kwa kadi moja. Ukuta unaofunguka kwa kadi ya mteja ukajifunga kwa wakala si ukuta wa usalama. Ni ua wa biashara.

La pili: kifaa kimoja kikiharibika, huduma zote zinasimama. Hili lina uzito kidogo, na jibu lake ni kifaa cha pili kinachofanya kazi ileile. Viwili vinavyofanana ni akiba. Vitano visivyofanana si akiba, kwa sababu mashine ya benki hii ikizima, zile nne nyingine hazimsaidii mteja wake hata kidogo.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini, na ndilo la kweli: sisi tulitumia pesa kujenga mtandao wetu wa mawakala, kwa nini mshindani autumie? Sikiliza, boss. Kodi ya duka analipa mwenye duka. Wavu wa chuma alinunua yeye. Floti ni yake. Mshahara wangu anatoa yeye, na usiku akiporwa anaporwa yeye. Wewe ulileta mashine na bango la kupaka ukuta rangi yako. Mtandao huo unaouita wako umejengwa kwa akiba za watu wa mtaani.

Kuna hofu nyingine, ya wenzangu, na hii naiheshimu. Wanasema: mashine zikiwa moja, si watapunguza wafanyakazi? Si watapunguza kamisheni, waseme kazi imekuwa rahisi? Hofu hiyo haikutoka hewani. Tumeona ofisi ambako printa, skana na fotokopi vilipokuwa kifaa kimoja, watu watatu wakawa mmoja, na huyo mmoja akabaki na mshahara wa zamani. Lakini kwenye maduka mengi kama letu hakuna wa kupunguzwa. Tayari ni mtu mmoja, ambaye hata kwenda choo lazima amwombe jirani amwangalizie. Kitakachopungua ni zile saa za kuzunguka na mkoba. Kuhusu kamisheni, hapo ndipo lazima tuwe macho. Kazi ikiwa ya haraka zaidi, faida ya haraka hiyo ianzie kwa anayeifanya. Hilo liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, lisingojewe kama hisani.

Kwa hivyo ninadai mambo matatu. Moja, Benki Kuu iweke tarehe ambayo baada yake hakuna benki wala kampuni ya simu itakayosajili wakala kwa kifaa kisichoweza kuhudumia wateja wa wengine. Ilipotaka mikataba isiwafunge mawakala, iliandika. Na hili iandike. Mbili, floti iwe moja, kwa jina la wakala, itumike popote mteja anapotoka. Kuunganisha vifaa bila kuunganisha floti ni kutia vyungu vitano kwenye gunia moja na kusema umepata sufuria. Tatu, kiwango cha kamisheni kisishuke kwa sababu ya muungano huo.

Na wewe msomaji, uliye Nairobi au Nyeri au Nanyuki, unayeandika programu, unayesomea biashara pale Karatina University, au unayekuja tu kutoa mia mbili ya nauli: siku utakapoambiwa "floti imeisha," usimkunjie dada uso. Muulize ni ya mashine gani, na nyingine zina ngapi. Halafu chukua jibu hilo umpelekee mtu wa benki yako, kwa maandishi, na umuulize kwa nini laki moja haikutosha kupokea thelathini na tano.