Mashine za picha zipatiwe wasomaji

Mtaji wa kwanza wa mkulima ni mgongo wake, na wa mchuuzi ni miguu yake. Mkulima akianguka kutoka juu ya mnazi, au mchuuzi akipata ajali ya bodaboda akiwahi mnadani, hasara haiishii kwenye gharama za hospitali. Wakati wa palizi ukipita, msimu nao umekwenda.

Kupona kwake kunategemea wataalamu wawili ambao wengi wetu huwachanganya. Wa kwanza ni mteknolojia wa mionzi, anayepiga picha. Wa pili ni daktari bingwa wa radiolojia, anayeisoma picha hiyo na kuandika majibu. Wapo mabingwa waliobobea katika mifupa, viungo na misuli. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, lakini kano iliyokatika huhitaji ultrasaundi au MRI, pamoja na jicho lililofundishwa. Mashine isiyo na msomaji ni sawa na trekta lisilo na dereva.

Safari ya masomo ni ndefu. Hapa Tanzania, udaktari ni miaka mitano, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, kisha radiolojia katika Chuo Kikuu cha MUHAS miaka mitatu. Ubobezi wa mifupa hufuata baada ya hapo. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo ipo njia fupi: stashahada ya radiografia, miaka mitatu, kwa kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia kidato cha nne.

Matawi ya fani hii yanaweza kufundishwa nyumbani. Mwaka 2019 MUHAS kilianza kufundisha radiolojia tiba, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha. Tawi la mifupa nalo lipewe uzito huo, kwani Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, ina wagonjwa na uzoefu wa kutosha.

Tunazishauri halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao zichangie kumsomesha walau daktari mmoja kwa kila mkoa, kwa mkataba wa kurudi kuutumikia. Gharama si ndogo. Hata hivyo, picha siku hizi hutumwa kwa intaneti, hivyo bingwa mmoja anaweza kusomea hospitali kadhaa za wilaya. Mkulima ambaye mazao yake hutozwa ushuru anastahili kurudi shambani akiwa mzima.