*GLOBU ZIONDOKE, LAKINI MPANGAJI ASIACHWE GIZANI*



Kwenye kikao cha Jumapili tulibishana karibu saa nzima kuhusu taa. Wapo waliosema jambo hili ni dogo mno kwa chama, tuwaachie mafundi umeme. Wengine walitukumbusha, na walikuwa na haki, zile taa za LED tulizonunua kwa michango yenu mwaka jana. Kamati iliagizwa itoe msimamo wake kwa maandishi ili na asiyekuwepo ausome. Msimamo ndio huu.

Tunasema globu za zamani, zile za waya unaowaka ndani ya kioo, ziondoke madukani na majumbani mwetu. Tunasema pia kwamba namna ya kuziondoa ni muhimu sawa na kuziondoa kwenyewe.

*1. HESABU YA NYUMBA MOJA*

Chukueni nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na LUKU moja, kama zilivyo nyingi mtaani kwetu. Kila chumba kina globu ya wati 60, korido ina moja na nje moja. Jumla ni globu nane, wati 480. Zikiwaka kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, zinakula uniti 2.4 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 72.

Mteja wa daraja la D1 anapata uniti 75 kwa mwezi kwa Sh 100 kila moja. Uniti inayozidi hapo ni Sh 350, kabla ya kodi na tozo. Maana yake globu peke yake zimeshakula karibu uniti zote za bei nafuu. Friji, feni, pasi na TV vinaangukia kwenye bei ya Sh 350.

Tuseme vifaa hivyo vinakula uniti 64. Nyumba yenye globu itatumia uniti 136, yaani Sh 28,850. Ikiendelea hivyo mwezi baada ya mwezi inahamishiwa T1, ambako kila uniti ni Sh 292 tangu ya kwanza, na hapo bili inafika Sh 39,712.

Nyumba hiyohiyo ikifunga LED za wati 9, taa zote nane zinakula uniti 10.8 tu kwa mwezi. Jumla na vifaa vingine haifiki 75. Bili ni Sh 7,480. Watu ni walewale na mwanga ni uleule.

Ndugu wanachama, ugomvi wa LUKU kwenye nyumba za kupanga mnaujua. Nani hakuchanga, nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Mara ngapi wajumbe wetu wameitwa kusuluhisha? Sehemu ya ugomvi ule inaning'inia darini na hakuna anayeitazama.

*2. GLOBU NI JIKO LINALOTOA MWANGA KIDOGO*

Aliyewahi kufuga vifaranga anaelewa haraka kuliko msomi yeyote. Kwa nini tunawawekea globu bandani? Kwa sababu ya joto. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme unaoingia kwenye globu hutoka kama joto, na inayobaki ndiyo mwanga. Kwa kifaranga hiyo ni faida. Kwa mtoto anayesoma kwenye chumba chenye bati juu na joto la Februari, ni hasara mara mbili, maana mwenye feni ataiwasha ili apunguze joto alilolinunua mwenyewe.

Wafugaji wasiwe na hofu. Hatusemi vifaranga wafe kwa baridi. Tunazungumzia taa za kuangazia nyumba.

*3. "SI UMEME SASA TUNAO?"*

Hoja hii ilitolewa kwa nguvu kikaoni. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mashine ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka 2024, na mgao wa miaka ile tumeusahau. Kwa nini basi tujibane?

Tunajibu hivi. Kwanza, umeme kuwepo kwenye gridi hakuulipi umeme wa kwako. Bwawa likijaa, LUKU yako haijai. Pili, wote tunawasha taa saa ileile ya jioni, na transfoma ya mtaa ndiyo inayobeba mzigo huo. Tatu, bwawa hutegemea mvua. Ghana walikuwa na Akosombo, bwawa kubwa kabisa, lakini maji yalipopungua mwaka 2007 nchi iliingia gizani kwa zamu. Serikali yao iligawa enaji seva milioni 6 bure na kukusanya globu, na mzigo wa saa za jioni ukapungua kwa zaidi ya megawati 100. Walilifanya hilo wakiwa kwenye shida. Sisi tuna nafasi ya kulifanya tukiwa na nafuu.

*4. KOSA LETU*

Sasa tuzungumze zile mlizozibatiza "taa za chama".

Mwaka jana tulichangisha, tukanunua taa za bei ya chini kabisa tuliyoipata, tukazigawa kwa wajane na wazee wa tawi. Hatukuangalia alama ya ubora. Hatukudai risiti yenye dhamana. Ndani ya miezi michache nyingi zilikuwa zimekufa, na wazee wetu wakarudi kununua globu. Mzee mmoja alituambia usoni: "Mmenifundisha kwamba LED ni uongo." Kosa halikuwa la mzee wala la LED. Lilikuwa letu, na tunaomba radhi.

Ndiyo maana hatukubali kampeni ya kusema "badilisheni taa" halafu basi. Maskini akinunua taa mbovu anapoteza fedha yake na imani yake pia. Globu huishi kama saa 1,000. LED nzuri hufika saa 15,000 na zaidi. Faida hiyo yote hutoweka pale soko linapojaa LED za wiki sita.

*5. ENAJI SEVA NAZO*

Wengi tulishatoka kwenye globu tukaingia enaji seva, zile za mrija uliosokotwa. Zilitusaidia, lakini ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Novemba 2023, Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje taa zote za aina hiyo, pamoja na zile ndefu za mrija, kukome kufikia mwisho wa 2027. Waliosukuma hoja hiyo walikuwa nchi za Afrika, kwa kuogopa bara letu ligeuzwe jalala la taa zilizokataliwa kwingine. Kwa hiyo anayetoka kwenye globu leo aruke moja kwa moja hadi LED.

Enaji seva ikipasuka, fungua madirisha, toa watoto nje kwa dakika 15, usifagie kwa ufagio. Okota vipande kwa karatasi ngumu, pangusa kwa kitambaa kibichi, fungia vyote kwenye mfuko.

*6. TUNACHODAI*

Tutapeleka mambo manne kwenye mkutano wa kata:

• Globu za kuangazia nyumba ziwekewe tarehe ya mwisho ya kuingizwa na kuuzwa, itangazwe mapema, na mwenye duka dogo apewe mwaka mzima wa kumaliza mzigo wake bila kunyang'anywa.
• Ukaguzi wa ubora wa LED ufanyike bandarini na kwa wauzaji wa jumla, usiishie kumkamata machinga.
• Kaya maskini zibadilishiwe taa kwa utaratibu wa kutoa globu na kupokea LED.
• Pawe na mahali pa kupeleka enaji seva zilizokufa, zisiishie dampo ambako watoto huokota.

*7. TUNACHOFANYA WENYEWE*

Ofisi ya tawi bado ina globu tatu. Zinatolewa wiki hii, kabla hatujamhubiria mtu. Kwenye chumba cha katibu litawekwa boksi la enaji seva zilizokufa. Tutanunua taa kwa pamoja, kwa bei ya jumla, na safari hii kwa risiti yenye dhamana, na nakala ya risiti itabandikwa ukutani.

Kila mjumbe azungumze na wenye nyumba wa shina lake. Taa ya korido na ya nje ni ya nyumba, hivyo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuinunua. Ya chumbani mpangaji ataimudu, akijua kwamba akihama anaifungua na kuondoka nayo.

Ukienda dukani, usiulize wati tu, uliza lumeni. Yenye lumeni 800 inatosha badala ya globu ya wati 60. Tazama alama ya TBS, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, angalia kama ni ya pini au ya skrubu, tunza risiti.

Asiyekubaliana na msimamo huu aje Jumapili ijayo na hesabu yake. Tutaisikiliza.

Tafadhali msomee na mwanachama asiye na simu janja.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.*