Kahawa ya Rwanda: alama huongeza bei, lakini kwa nani?

KAGUGU, Kigali – Tuseme mfanyabiashara wa hapa Kagugu, wilaya ya Gasabo, ana magunia mawili ya kahawa. Uzito ni mmoja, rangi ni moja, na punje zinalingana. Gunia la kwanza limeonjwa na wataalamu likapewa alama 87 kwa 100. La pili halina karatasi yoyote. Mnunuzi wa ng'ambo atalitaka la pili kwa bei inayofuata soko la New York, lakini kwa la kwanza atakaa mezani kujadiliana. Huenda kahawa ni ile ile. Kilichoongezeka ni karatasi.

Mchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, mnunuzi hulipa bei ya wastani kwa kujihami, na mwenye mali nzuri huumia. Dawa yake ni mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote mbili.

Funzo kutoka Marekani

Biashara ya kadi za wanamichezo huko Marekani inalionyesha wazi. Tangu 1991 kampuni ya PSA hukagua kadi, huipa daraja la 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki. Kadi mbili za mchezaji mmoja, zilizochapwa mwaka mmoja, zinaweza kupishana bei mara nyingi kwa sababu ya daraja tu.

Lakini daraja si ukweli wenyewe. Kadi ya Honus Wagner, ya kwanza kukaguliwa na PSA, ilipewa 8 na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, alikiri kwamba aliipunguza kingo zake ili ionekane mpya. Daraja lina thamani kwa kadiri mkaguzi anavyoaminika.

Rwanda na alama

Rwanda iliingia njia hii mapema. Mwaka 2001 ushirika wa Abahuzamugambi huko Maraba ulipata kituo cha kuoshea kahawa, na mwaka 2003 kahawa yake ikawa madukani kwa Sainsbury's, Uingereza. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, ambayo kahawa zinazoshinda huuzwa kwa mnada wa intaneti.

Kwa kipimo cha kimataifa, kahawa maalumu ni ile yenye alama 80 na kuendelea. Hapa ndipo kahawa inapotofautiana na kadi. Kadi hukaguliwa moja moja. Kahawa hupimwa kwa sampuli, gramu 350 za punje mbichi zikiwakilisha shehena nzima. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo zina tatizo la ladha ya kiazi: punje moja yenye kasoro hiyo huharibu kikombe kizima, na mara nyingi haionekani kwa macho. Tena kahawa ikihifadhiwa vibaya, alama hubaki kwenye karatasi huku ladha ikipotea ghalani.

Faida inakwama wapi?

Mkulima huuza matunda mabivu kwa kilo, kabla mwonjaji hajagusa kijiko. Bei ya chini iliyotangazwa na NAEB ilikuwa faranga 480 kwa kilo msimu wa 2024, ikapanda hadi 600 mwaka 2025. Bei ya dunia ilikuwa imepanda sana: Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili huko New York. Kiwango hicho cha chini hakitofautishi shamba lililotoa alama 88 na lililotoa 78. Alama huja baadaye, mzigo ukiwa tayari mikononi mwa mwingine.

Yapo mabadiliko. Utaratibu wa kanda ulioanza 2016, uliomlazimu mkulima kuuza kwenye kituo cha eneo lake, uliondolewa 2023. Sasa anaweza kupeleka mzigo kwa anayelipa zaidi. Lakini uhuru wa kuchagua bila kujua alama ya mzigo wako ni uhuru nusu.

Tena kuna gharama. Kwa mfano tu, kuonjesha kukigharimu dola 100, shehena ya magunia 10 ya kilo 60 inabeba kama senti 17 kwa kilo. Gunia moja linabeba dola 1.67. Mkulima mdogo peke yake hawezi. Ushirika unaweza.

Ng'ambo ya Ziwa Kivu somo ni hilo hilo. Kwa miaka mingi kahawa ya Kongo ilivushwa kwa mitumbwi kuja Rwanda, ikauzwa bila jina na bila alama. Ushirika wa Sopacdi wa Minova, ulioanzishwa 2003, ulijenga njia ya kuosha na kuuza kwa jina lake.

Kwa vyama vya ushirika hatua ni tatu. Kwanza, tenganisheni mizigo kwa siku na kwa kilima, usichanganye bora na hafifu. Pili, onjesheni kabla ya kutia saini, na bakini na sampuli yenu. Tatu, andikeni kwenye mkataba malipo ya pili yanayofuata alama. Bila kipengele hicho, alama 87 zitabaki kuwa sifa ya Rwanda na fedha za mwingine.