DISKETI ZA SHULE YETU ZISICHOMWE

Naomba nafasi niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne tuliamriwa kusafisha chumba cha stoo kilicho nyuma ya ofisi. Tulitoa humo viti vilivyovunjika, ramani zilizoliwa na mchwa, na kasha moja la karatasi ngumu lililojaa disketi. Zilikuwa 43, maana nilizihesabu. Amri ilikuwa takataka zote ziende shimoni zikachomwe. Lakini nilipoona juu ya disketi moja pameandikwa kwa wino, “Gazeti la Shule, Muhula wa II, 2001,” mkono wangu ulikataa. Nilimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kulitunza kasha lile, naye akacheka, akanipa. Tangu siku ile wenzangu bwenini huniita Bwana Makumbusho.

Sababu yangu ni hii. Baba yangu alisoma katika shule hii hii, na kila siku ya wazazi huniuliza kama maktaba bado ina gazeti la mwaka 2001, kwa kuwa ndimo ilimochapwa insha yake ya kwanza na ya mwisho. Nimelitafuta. Maktaba ina magazeti ya mwaka 1974 yaliyopigwa taipu, yamegeuka rangi ya manjano, walakini yasomeka hata leo. Ila ya miaka ile kompyuta ya kwanza ilipoingia shuleni hayapo hata moja. Nakala za karatasi zilikuwa chache, zikaazimwa, zisirudi. Zilizobaki ni disketi, na kompyuta iliyokuwa na tundu la kuzisoma iliuzwa pamoja na vyuma chakavu. Basi gazeti la kale twalisoma, na la juzi hatulisomi!

Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza huenda hawajapata kuishika disketi, ingawa picha yake waiona kila siku, ile alama ya mraba wanayoibonyeza kompyutani ili kuhifadhi kazi yao. (Mmoja aliniambia alidhani ni televisheni.) Ndani ya kile kibao mna karatasi ya plastiki, nyembamba, ya mviringo, iliyopakwa unga wenye asili ya chuma, na maandishi hukaa humo kwa nguvu ya sumaku. Kampuni ya IBM ilianza kuuza disketi mwaka 1971, nazo zilikuwa na upana wa inchi 8. Mwaka 1976 zikaja za inchi 5 na robo, na mwaka 1981 Sony wakatoa ya inchi 3 na nusu, ambayo ndiyo iliyomo kashani mwangu. Hii huchukua megabaiti 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo.

Kisha zikaja CD, ambazo moja huchukua megabaiti 700 hivi, yaani karibu disketi 480. Mwaka 1998 Apple wakauza kompyuta yao ya iMac bila tundu la disketi, watu wakanung’unika. Mwaka 2000 ndipo flashi ilipoanza kuuzwa. Zile za kwanza zilichukua megabaiti 8, sawa na disketi tano na ushei, na watu waliona ni muujiza. Leo flashi ya gigabaiti 16, ndogo kuliko kidole gumba, yachukua disketi zaidi ya 10,000. Sony waliacha kuuza disketi mwaka 2011. Hata Wajapani, ambao twawadhania kuwa mbele kwa kila kitu, serikali yao ilimaliza mwaka 2024 tu kufuta karibu kanuni zote zilizowataka watu kupeleka taarifa zao kwa disketi.

Msinielewe vibaya. Siipingi flashi. Yule anayetaka turudi kwenye disketi na arudi kwanza kwenye koroboi. Ninalosema ni kwamba kila mara tunapohama nyumba hii kwenda ile, twaacha mizigo nyuma, na hakuna anayeulizwa.

Tena flashi nayo si sanduku la chuma. Maandishi yake ni chaji ndogo sana ya umeme iliyofungiwa ndani, nayo huvuja polepole ikiwa flashi imewekwa miaka mingi bila kuchomekwa. Na kabla ya hiyo miaka kuna virusi. Mimi mwenyewe niliweka humo nukuu zangu zote za Historia na Baiolojia za miaka miwili, nikaipeleka mjini kwenye duka la kuchapisha. Iliporudi, faili zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato zisizofika popote. Sikuwa na nakala nyingine. Kosa lilikuwa langu, nami nalikiri hapa mbele ya walimu wangu.

Nimesoma habari moja ya Uingereza inayofanana na yetu. Mwaka 1986 BBC waliadhimisha miaka 900 ya kile kitabu cha hesabu ya nchi kilichoandikwa zamani za Mfalme William, kiitwacho Domesday. Wakawaomba watu, wengi wao wakiwa watoto wa shule, waandike habari za vijiji vyao, na yote yakatiwa katika sahani za leza. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakahangaika sana kuyaokoa maneno ya watoto wale. Kile kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 chasomeka hadi leo.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu asema hayo yote ni bure, maana siku hizi vitu huwekwa kwenye intaneti. Sawa, lakini bando la shule hwisha kabla ya tarehe 15. Na aliyepeleka vitu huko akisahau neno lake la siri, au akihamishwa kituo, ni nani atakayefungua?

Wala si gazeti tu. Miongoni mwa zile disketi, sita zina maneno “Orodha ya Wanafunzi” na miaka yake, kuanzia 1997. Mwezi wa pili mama mmoja alikuja ofisini kutafuta uthibitisho kwamba alisoma hapa, kwa kuwa cheti chake kiliungua na nyumba. Alikaa pale barazani tangu asubuhi hadi saa tisa, akaondoka mikono mitupu. Huenda jina lake limo chini ya kitanda changu.

Kisomeo cha disketi kinachochomekwa kwenye tundu la USB bado chauzwa, na bei yake haishindi mpira wa miguu ulio mzuri. Naomba ofisi ikinunue. Zianze orodha za wanafunzi, magazeti yafuate, na kila kilichopatikana kiwekwe katika flashi mbili zinazokaa vyumba mbalimbali, kisha kichapwe kwenye karatasi. Naam, karatasi. Yafaa pia ifanywe upesi, maana nimefungua vile vibati vya disketi kadhaa nikaona madoa meupe ya ukungu. Hizo zisitiwe kwanza, zisije zikachafua mashine na kuziharibu zilizo nzima. Klabu ya kompyuta itaifanya kazi hii kwa Jumamosi mbili.

Mtihani wetu ni Novemba, na baada ya hapo sharti nitoe sanduku langu bwenini. Kasha liko Bweni la Pili, kitanda cha tatu toka mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Atakayelipokea na aniambie kabla ya siku ile.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne